Nakala ya Kaboni

Mimi nilikuwa vidole vyake.
Miaka kumi na tisa, mashine ya chapa, karatasi tatu:
nyeupe juu, nyeusi kati,
na ya mwisho nyembamba kama ganda la kitunguu,
ya kubaki kabatini.
Kwa hiyo msiniulize habari za nishani.
Niulizeni habari za koma.

Gwenaël Kerdoncuff, mwana wa mvuna chumvi wa Guérande,
alizaliwa palipo na utajiri wa aina moja tu:
maji yaliyosubiriwa yakauke.
Haba na haba baba yake alijaza kibaba,
na kibaba kilikuwa cha mwenye shamba.
"Uchumi," aliniambia siku moja,
akiitafuta miwani iliyokuwa pajini mwake,
"ni kuuliza kibaba ni cha nani.
Hayo mengine ni hesabu, Odile,
na hesabu hata punda wa kinu anazijua."

Paris aliingia na viatu vya kaka yake,
vikubwa, vimeshindiliwa magazeti.
Akasoma mpaka vikamtosha.

Kisha Warsaw, theluji na foleni.
Kisha Ankara, ambako mkewe Aude
aliondoka na piano, akaacha kiti chake.
Hakusema neno.
Wiki ile tu, katika barua ya mambo ya pamba,
aliandika "tafadhali" mara mbili katika sentensi moja.
Nikaifuta moja. Sikumwambia.

Kila mji alinunua mkate mwenyewe, kwa miguu,
akaandika bei katika daftari la kijani.
Mabalozi wenzake walikusanya mazulia.

Halafu La Paz,
ambako maji huchemka mapema na pumzi huchelewa.
Wakaja wataalamu wa deni, suti za kijivu,
wakitapika kwa kimo cha mlima na kuomba chai.
Ripoti ilikuwa kurasa sitini na mbili.
Ukurasa wa arobaini na moja akaongeza mstari:
*Mkate utapanda senti nne;
mama mwenye watoto watano ataacha kula usiku.*

Paris ikaurudisha, umekatwa kwa penseli nyekundu.
"Piga tena," akasema.
Nikapiga, na mstari wake ndani.
Ukarudi.
"Piga tena."
Mara ya tatu hawakurudisha kitu.
Ilikuja simu ya maandishi, maneno saba,
na neno la saba lilikuwa *saini*.

Mazishini walisema alikataa.
Hakukataa. Nilikuwepo.
Alitia saini kwa kalamu yangu, yake ilikuwa inavuja,
akanirudishia, akanishukuru,
akaenda dirishani kusimama
kama mtu anayengoja basi.

Primitiva Choque, aliyetuletea mkate mlango wa jikoni,
Jumanne hakuja.
Jumatano tulisikia risasi upande wa soko.
Ijumaa alikuja mwanawe, bila kikapu,
akataja bei mpya.
Senti sita.
Bwana Kerdoncuff akafungua daftari la kijani,
akaandika, akalifunga.
"Nimekosea kwa mbili," akasema.
Sikumsikia akilia, kama mnataka kujua.

Wakampeleka Reykjavik kuhesabu samaki.
Aliwahesabu vizuri.

Alipostaafu alirudi kwenye chumvi.
Aliikokota vibaya, akaichanganya na tope,
na vijana wa jirani, wajukuu wa wenye vibaba,
walimcheka bila ubaya, wakamshika mkono wa reki.
Mwakilishi wa waziri, siku ya kaburi,
alilitamka jina lake kama mtu anayetafuna mwiba.

Nina miaka themanini na minne.
Ile karatasi nyembamba ninayo mimi;
niliitoa kabatini, niiteni mwizi.
Kaboni inafifia.
Asubuhi, mwanga ukiwa mzuri,
naipitia kwa penseli, herufi kwa herufi,
nisije nikafa mimi na mstari pamoja.
Jana nilifika *mkate*.
Leo nimefika *senti*,
na hapo penseli imesimama.
Nne, aliyoandika.
Sita, waliyolipa.
Chai yangu imepoa.
Kwa miaka kumi na tisa sikuwahi kumsahihisha
ila ile "tafadhali" moja.